Kikwapa cha Mji

Pale barabara mbili zinapokutana kama miguu ya mkasi,
kabla hujafika daraja la Mirongo,
pana nyumba ya ghorofa tatu. Ukiitazama kwa mbele
unaona ukuta mmoja mwembamba na dirisha moja,
basi.
Watu wanaiita Pasi.
Mtajie wa bodaboda jina la mtaa, atakuuliza upi;
sema Pasi, ameshawasha.

Chumba cha puani ni changu.
Futi nne na inchi mbili dirishani,
futi kumi na moja mlangoni:
nimepima kwa futikamba hii hii
ninayopimia viuno vya maharusi.
Kitanda hakikuingia. Nalala mkekani,
kichwa Bugando, miguu ziwani.

Babu yangu Lugendo ndiye aliyeipandisha,
yeye na Wakerewe wawili, Magoti na Bahitwa,
mwaka ule pamba ilipopata bei.
Mwenye kiwanja, Karsan, muuza misumari,
alikuwa na kalenda ya kampuni ya mashine za kuchambulia pamba.
Mwezi wa Machi: jengo la Amerika,
refu, jembamba, limesimama njia panda
kama kabari iliyosahauliwa ndani ya gogo.
Akaibandua picha, akaiweka juu ya mchanga.
"Hivi."

Babu akahesabu madirisha kwa ncha ya mwiko.
Ishirini kwenda juu. Akahesabu tena.
"Hawa maji wanayapandishaje?"
Karsan akasema kuna sanduku linalovutwa kwa kamba,
mtu anasimama ndani amekunja mikono.
"Na ndani ya ukuta mna mifupa ya chuma.
Jiwe ni ngozi tu."
Babu alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.
Jiwe, ngozi!
Anaambiwa nani? Mtu aliyezaliwa Mabatini,
chini ya jiwe lililokaa juu ya jiwe lililokaa juu ya jiwe,
na mama yake akianika dagaa kwenye kivuli chake
bila kutazama juu.

Wakapatana ghorofa tatu.

Mji ukasema itaanguka kwa upepo wa kwanza.
Upepo ukaja, Aprili, na mvua ya mawe;
ulipofika puani ukagawanyika,
nusu ikaenda sokoni kung'oa mabati,
nusu ikateremka bandarini.
Nyumba ikabaki pale pale, imelowa, haina neno.
Nasikia hata ile ya kwenye kalenda
wenyewe walikuwa wanaipita kwa mbali, shingo zimekaa upande.

Wiki iliyopita wakaja na rangi nyekundu.
Alama ya X. Upande wa soko ilikaa vizuri,
lakini huku puani haikuenea:
mkono mmoja umekunja kona
ukamalizikia ukuta wa pili.
"Mama, barabara inapanuliwa," akasema yule kijana.
"Na hii, kusema kweli, si nyumba.
Ni kipande kilichobaki."

Kipande kilichobaki.

Nikamwambia, inua mkono.
Akainua.
Shati lake la dukani likapanda lote mpaka kitovuni,
na mshono wa kwapa ukaachia, tii.
Nikamwonyesha kanzu inayongoja vifungo:
hapa, chini ya kwapa, kitambaa cha pembe tatu,
kidogo kuliko kiganja, nimekikata kwenye mabaki.
Kinaitwa kikwapa. Kitoe,
halafu umtazame mwenye kanzu
akitaka kuinua mikono aombe dua.

Akakishika kwa vidole viwili, vyekundu rangi.
Hakusema kitu kuhusu nyumba.
Akauliza bei ya shati.
Elfu tatu, njoo keshokutwa.
Akalivua, akashuka ngazi na fulana na kopo lake.

Leo siku ya tisa.
Usiku taa za magari hunijia uso kwa uso,
zikifika dirishani zinaachana,
hizi kushoto, hizi kulia.
X haijafutika, hata kwa mvua ya juzi.
Shati liko tayari, limetundikwa puani.
Nimelitia vikwapa viwili,
mkono wa kulia na ule ambao hakuuinua.