Kinafia Upande Gani

Mushumbusi alifika Jumanne na sanduku la magurudumu,
akalifungua juu ya kaunta yangu pale Isevya
kama mchuuzi wa vitenge:
vitasa vya kadi, taa zinazosikia makofi,
spika ya kuamkiwa nayo ikaitikia,
kioo cha bafuni kinachotabiri mvua.
"Mzee Mlekwa," akasema,
"hoteli isiyo na hivi ni ghala la vitanda."

Nina vyumba kumi na vinne.
Kiinua mgongo changu chote cha reli kimo humo,
kimegeuka tofali, bati, na mkopo
usiojua sikukuu.
Sikumfukuza. Nilimwagizia chai,
nikamuuliza: hiki kitasa chako,
umeme ukikatika na betri ikachoka,
kinafia upande gani?

Hakunielewa.

Miaka ishirini na sita nilivuta ishara za treni
hapa hapa Tabora, huku Kigoma, huku Mwanza,
na somo la siku ya kwanza lilikuwa hili:
waya ukikatika, mkono wa ishara huanguka wenyewe
kwenye hatari.
Treni husimama. Abiria hutukana. Abiria huishi.
Aliyeutengeneza aliwaza kufa kwake
kabla ya kuwaza kazi yake.

Mushumbusi akapiga simu makao makuu.
Jibu likarudi: mlango utabaki umefungwa,
fundi atatoka Dar.
Fundi atatoka Dar!
Na mgeni yuko ukumbini na taulo kiunoni, saa tisa usiku.

Nyamizi, anayetandika vitanda,
alikuwa amesimama na ndoo akitusikiliza.
Akaingia jikoni, akatoka na daftari,
lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Kumbe tangu kiangazi cha mwaka juzi
huandika kila analolalamikiwa.
Hakutumwa.

*Chumba 3: treni imechelewa, kafika alfajiri na mtoto, maji ya moto hakuna.*
*Chumba 9: maji yamekatika ana sabuni machoni.*
*Chumba 9 tena.*
*Chumba 6: jenereta inakoroma kuliko mumewe.*
*Chumba 9: kaondoka bila kulipa. Nimemwelewa.*

Kurasa arobaini. Nilimtafuta
aliyelilia kioo cha kutabiri mvua.
Hayumo.

Nami si mtakatifu. Mwaka huo huo
nilinunua programu ya kuhesabu wageni,
nikailipia kila mwezi kwa dola,
nikasahau nywila mwezi wa pili.
Daftari la Nyamizi liligharimu shilingi mia tano
na halikuwahi kuniuliza mimi ni nani.

Chini kabisa ya sanduku, chini ya kadi na nyaya,
palikuwa na kidude kama kifuniko cha chupa ya chai.
Mushumbusi aliona haya kukionyesha.
Kinakaa kwenye tangi; maji yakibaki robo
kinatuma ujumbe, hata kwa simu ya tochi.
"Na kikifa?"
"Kikifa, mzee, utapanda ngazi kuchungulia kama jana."
Nikacheka hadi chai ikanipalia.
Nikakinunua. Nikaongeza mitungi miwili ya jua, juu ya bati,
ya kuchemsha maji bila kumwomba mtu.
Funguo zimebaki za chuma, na vibao vya mninga.

Masika mitungi inatoa uvuguvugu tu.
Nyamizi ameandika.

Jana saa nne usiku simu ikatetemeka: TANGI ROBO.
Nikatoka na fulana kuwasha pampu.
Nikapita jikoni, daftari lilikuwa wazi mezani,
ukurasa mpya, mwandiko ule ule wa kuinama:

*Mtunza daftari: mshahara haujapanda miaka mitatu.*

Nilisimama pale, pampu ikinguruma nje,
maji yakipanda kwenye bomba,
nikitafuta kalamu.