Hodi ya Tatu

Mabela, Alhamisi, baada ya Isha,
juu ya gereji ya matairi ya Biju.
Kiyoyozi kinakohoa, kinadondoshea maji ndoo ya rangi.
Pesa hatuchezi. Pesa ni haramu,
na kuta za Mabela ni nyembamba kuliko chapati za Biju.
Tunacheza kokwa za tende, khalasi na fardhi,
zilizooshwa, zikaanikwa juu ya dari:
mia mbili kila mtu, na atakayefilisika
ataosha vikombe na birika mpaka Idi.

Nilipata kumi mbili, ya kopa na ya pau.
Kokwa mbili za lazima, za Mundhir, zilikuwa hodi ya kwanza.
Nikaweka sita. Hodi ya pili.
Zuwena alikuwa wa kusema baada yangu
(na kusema baadaye ndio utajiri wenyewe wa mchezo huu),
akasukuma ishirini.
Hakuzihesabu. Zilikuwa ishirini.
Mwanamke wa benki, vidole vyake vina macho.

Biju akatupa. Mundhir, kaka yake, akatupa,
akarudi kugombana na simu.

Kwetu hodi hubishwa mara tatu;
usipoitikiwa, unageuza viatu, huna kinyongo.
Mezani ni kinyume: anayebisha ya tatu
anakuja kukutoa wewe ndani ya nyumba yako.

Nikalipa.

Zikafunuliwa: bibi wa shupaza,
saba ya uru, mbili ya kopa.
Nikagonga meza kwa kidole. Akaweka ishirini na tano.
Nikalipa tena, haraka, kama mtu anayemeza dawa.
Ya nne: nne ya pau, karata isiyo na kazi duniani.
Nikagonga. Akaweka sitini.

Hapo ndipo nilipoisikia ndoo. Tone. Tone.

Mbele yangu mia na hamsini na tano.
Nikilipa sitini nabaki na tisini na tano,
na hizo tisini na tano atazidai karata ya mwisho,
nami nitazitoa, kwa aibu tu.
Chungu cha hodi ya tatu hakina mlango wa kati.
Unatoka sasa au unaungua nacho.

Nikahesabu. Ree mbili, njia sita.
Wazungu wa nne wawili, sita.
Mabibi wawili, tatu tu, mmoja wao kalala mezani.
Kumi na tano zinanizika.
Ree na mzungu wa nne, njia kumi na sita,
na hizo kumi na sita hazina kitu,
zina sauti kubwa tu na kanga iliyopigwa pasi.
Kumi na tano, kumi na sita.
Hesabu iliniachia njia moja ya kupumua
nami nikamtazama usoni, kosa kubwa.

Alikuwa anamenya chungwa.
Ganda linashuka refu, halikatiki.

Mwaka juzi, Al Khoud, mlango wa kijani:
nilibisha mara mbili, nikasikia maji ya bomba yakifungwa,
nikasikia kimya cha mtu anayesikiliza.
Ya tatu sikubisha.
Nilijiambia yupo kazini. Ilikuwa Ijumaa.

Nikazitupa kumi zangu.

Akavuta kokwa kwa mkono wenye harufu ya chungwa,
karata zake akazichomeka kifudifudi katikati ya fungu.
"Ulikuwa na nini?" Mundhir akauliza, si mimi.
"Bei ya kuona ilikuwa sitini," akasema,
na kipande cha chungwa akakisukuma upande wangu,
hakusema karibu, hakusema kitu.

Saa saba nilifilisika kwa Biju, kwa upuuzi mwingine kabisa.
Naosha vikombe. Chini, kwenye mwanga wa gereji,
gari lake limewaka na haliondoki,
Mundhir bado anatafuta viatu.
Mikono yangu ina povu mpaka viwikoni.
Dirisha liko hapa. Kioo ni chembamba.
Ukikigonga, mtu wa chini anasikia.