Mti wa Ganzi

Kishamba namba kumi na saba, mteremko wa Walkley, Sheffield.
Manispaa inanitoza kodi ya mwaka
kwa udongo mweusi, mvua, na jirani mmoja:
Bi Lanying, mtu wa Shaanxi, mstaafu wa kiwanda cha visu.

Kwenye mpaka wetu umesimama mti wake,
haujazidi kimo cha mlango,
miiba miwili miwili chini ya kila jani
kama pembe za mwanambuzi.
"Usiukumbatie," aliniambia siku ya kwanza. "Haupendi."

Alinifundisha kuuotesha.
Mbegu ina mafuta, haisikii maji;
isugue kwa majivu mpaka mng'aro uishe,
ichanganye na mchanga, itie ndani ya friji miezi mitatu,
iamini kwamba imelala mlimani kwao.
Nikaiweka kando ya samli na bamia za barafu.
Mume wangu Mfaume akafunua, akanusa, akauliza:
mchanga huu tunaupika lini?
Kati ya mbegu arobaini zikaota tatu.
Aprili, jalidi ikaunguza mche mmoja.
Miwili iliyobaki nikaifunika kwa shuka ya kitanda
cha mtoto aliyekwisha kuhamia Leeds.

Kitendawili.
Tega.
Kwetu ganda hutupwa, punje huliwa;
huu punje hutupwa, ganda huliwa.
Nililelewa nikijua pumba ni za kuku
na za watu wanaosema ovyo.
Sasa kila Septemba napepeta ungo,
nyeusi naziacha zianguke,
nang'ang'ania pumba, nyekundu kama ufizi.

Yeye hukaanga kavu, hutwanga, hunyunyiza juu ya biringani;
majani machanga huyapika na mayai.
Mimi nilitia kwenye mchuzi wa samaki.
Mfaume akalalamika midomo yake inatembea peke yake.

Kisha jino. Gego la chini, kushoto.
Daktari wa meno wa serikali: foleni ya miezi minane.
Bi Lanying akanipa ganda moja. "Tafuna. Usimeze."
Kwanza ndimu.
Halafu umeme mdogo,
kama betri za tochi tulizokuwa tukizilamba utotoni.
Halafu ulimi ukahama nyumba.

Ndipo simu ikalia. Dada yangu Somoe, kutoka Lindi:
miaka sita ya ugomvi juu ya kiwanja cha marehemu mama,
na mimi jibu langu nimelinoa usiku kucha.
Nikafungua kinywa. Likatoka "bwa."
"Unasemaje?"
"Bwa."
Akanyamaza. Akauliza, "Unalia?"
Sikuweza kumwambia kwamba silii.

Akaendelea peke yake, taratibu,
kuhusu ukuta wa uani ulioanguka,
kuhusu bei ya saruji,
kuhusu zile siku kumi na moja alizolala sakafuni wodini,
kanga moja chini, kanga moja juu,
na mama akiniita mimi kwa jina, mimi nisiyekuwepo.
Hilo hakuwahi kunieleza.
Labda sikuwahi kumpa nafasi.
Nilisikiliza dakika arobaini, mate yakinidondoka.
Wahenga walisema ulimi huponza kichwa;
hawakusema ukifa ganzi hufanya nini.

Ganzi iliisha. Jino likarudi kuuma, likang'olewa Januari.
Kiwanja bado hatujagawana.
Ila kila mavuno namtumia Somoe bahasha,
maganda ya kijiko kimoja,
nami nimeandika juu yake kwa kalamu nzito:
tafuna kwanza, ndipo upige.