Taarifa ya Jumapili

Baba hupiga simu wakitoka kanisani
na hasemi hujambo. Husema:
"Kwezi arobaini na mmoja. Shahamu yote
imekwisha kabla kahawa haijachujika."

Mimi niko Tucson, dirisha wazi, mwezi wa Januari.
Yeye yuko Decorah, theluji imepanda hadi kizingitini,
na vita vyake ni vile vile
tangu nilipokuwa darasa la tano.

Alianza na bundi wa plastiki.
Siku ya tatu kwezi alimnyea kichwani.
Akatundika sahani za muziki zimeremete juani,
lakini jua la huko wakati wa baridi halina bidii.
Akaondoa alizeti, akamimina kartamu,
mbegu nyeupe, chungu,
ambayo kardinali huitafuna na kwezi huitema.
Shomoro wakaionja, wakakunja uso, wakaizoea.
Akafunga nyuzi nne za kuvulia samaki,
kila moja na nati ya trekta mwishoni,
na shomoro wakaziogopa, hadi leo,
sijui wanaona nini pale,
labda mvua iliyosahau kuanguka.

Kisha akakipindua kisanduku cha shahamu
uso wake ukatazama ardhi.
"Kigong'ota hula kichwa chini, miguu juu,
bila aibu," akaniambia. "Kwezi hana miguu hiyo."
Alishinda wiki mbili.
Wiki ya tatu mmoja wao alijaribu, akaanguka,
akajaribu, akashika. Jioni alikuwa anawafundisha wenzake.

Haya yote, Mama alikuwa ameketi mezani
kwenye kiti chenye mto wa bluu.
Jina langu lilimtoka Oktoba.
La kardinali Novemba, ingawa rangi ile nyekundu
bado ilimgeuza shingo,
na ndiyo maana Baba hakutaka
mweusi yeyote wa kelele asimame mbele yake.

Jumapili iliyopita simu ililia, nikasubiri hesabu.
Nilisikia saa ya ukutani.
"Mama yako amesema," akasema.

Alikuwa ametoka na ufagio, na ndara miguuni,
anapiga hewa kama mtu anayezima moto,
ndipo kioo kikagongwa kutoka ndani.
Alidhani ameanguka. Akakimbia, theluji kwenye soksi.
Mama alikuwa pale pale, kidole kwenye kioo,
anawatazama kwezi na madoa yao ya baridi,
yale meupe, madogo, kila unyoya na lake.

"Harlan," alisema. "Waache. Wamevaa."

Siku kumi na tisa hakuwa ametamka neno.

"Wamevaa," Baba akarudia, kwangu,
kama fundi anayesoma namba kwenye kipuri
asichojua kinaingia wapi.

Nikamuuliza amefanya nini.
Akasema ameweka sinia nyuma ya gereji:
mahindi yaliyopasuliwa, ganda la mkate,
wakale huko, wasigombane na mtu.
Akanyamaza.
"Ila gereji haionekani kutoka kwenye kiti chake."
Akanyamaza tena, akakohoa.
"Kwa hiyo nimelihamisha sinia."
"Wapi?"
"Usimwambie Duane." Duane ni jirani,
aliyehubiriwa habari ya kwezi miaka kumi na minane
juu ya ua, akanunua bundi wawili.

Leo imelia tena. Sitini na mbili, anasema,
na sauti si ya mtu aliyeibiwa.
Na shahamu je? "Bado inatazama chini.
Sijasalimu amri mimi."

Kisha, polepole, maana yuko karibu naye
na hataki kumshtua:
"Na kardinali. Mmoja, jike.
Amekaa juu ya waya, anangoja zamu."