Hesabu ya Nabintu

Juma lote tumeshuka mteremko wa Kadutu, Mugoli,
wewe, mimi na kikombe chako cha bati,
kwenda kukaa kidogo tu kwa Nabintu, kisha turudi.
Siku ya kwanza uling'ang'ania kitenge changu kama kupe.
Siku ya pili uliuliza kuku wake anaitwa nani.
Siku ya tatu nikatoka, nikajibanza nyuma ya mabati,
nikasikiliza: ulilia, ukanyamaza,
ukalia tena kidogo, kwa kujikumbusha.

Nimekufundisha kusema "mkojo" kabla haujafika,
kushika kijiko, kuvua viatu vya matope mlangoni.
Mimi sikufundishwa na mtu
namna ya kuondoka bila kugeuka.

Halafu lile la bei.
Mimi ni mtu wa sambaza; soko limeninoa ulimi.
Sinunui makala wala nyanya bila kuteta.
Basi nikataja nusu ya faranga alizozitaka,
nikaongeza, "Si unakaa tu nyumbani?"

Nabintu hakujibu.
Alikuwa na watoto wanne: mmoja mgongoni,
mmoja kwenye beseni, wa tatu anakohoa,
wa nne ni wewe, umelala gotini pake,
mdomo wazi, unamlowesha mate.
Mguu ulikuwa umeshakufa ganzi.
Hakuusogeza.

Nikapanda kilima nikihesabu kwa vidole.
Makala ya uji. Sabuni.
Bidoni za maji kutoka bondeni, maana bomba
limekauka tangu Jumanne.
Na siku ukiumwa nisikulete, yeye asile?
Sambaza zangu zikidoda, nazianika, nauza kesho.
Siku ya Nabintu haianikiki.

Usiku nilifungua fundo la kitenge.
Nilifunga tena. Nilifungua.
(Sitakudanganya kwamba haikuniuma.)

Leo mwezi umekwisha. Nimekupa uzibebe wewe.
Umezishika kwa mikono miwili, kama ulivyofunzwa,
noti zimelowa jasho lako.
Nabintu anazihesabu mbele yetu, bila haya,
akilamba kidole,
nawe unahesabu naye kwa sauti:
moja, mbili, tatu, saba, kumi.

Anacheka. Anazirudisha zote pajani,
anaanza upya, polepole,
ili uipate nne.