Asilimia Tatu ya Kwanza

Aprili, Nipigon. Theluji ya kando ya njia imeingia masizi,
na Orvo amelimwaga bati la biskuti mezani:
meno mawili ya Februari,
vidonge vya presha, vya figo,
kifaa cha sikio la kushoto
(la kulia alisema lingoje, nalo linangoja).

Mimi naandika. Yeye anasoma kwa sauti,
kama mwalimu anayeita majina darasani:
"Maegesho ya hospitali, dola kumi na nne."
Ipo.
"Miwani."
Ipo. Yako au yangu?
Hatukumbuki. Miaka arobaini na mmoja,
hata kutoona vizuri tumekuchanganya.

Sheria ina hesabu zake:
asilimia tatu ya kwanza ya mapato,
ugonjwa huo ni wako, uumwe kimya.
Ukizidi hapo ndipo serikali inapotega sikio.
Na kwa mke na mume, afadhali adai mwenye kipato kidogo,
maana kizingiti chake ni kifupi.

Kidogo ni mimi.
Mimi wa maktaba, siku mbili kwa wiki,
ambaye mshahara wangu shemeji zangu waliuita
hela ya nyuzi za kufumia.
Kumbe uchache nao una siku yake.

Basi naihamia figo yake, naileta safu yangu.
Naleta meno. Naleta kilomita za Thunder Bay,
mia na kumi kwenda, mia na kumi kurudi,
mara thelathini na sita.
Ile alfajiri ya barafu gari lilipojizungusha lenyewe
tukabaki tumeitazama njia tuliyotoka,
hatusemi,
hiyo haina kisanduku.
Wala usiku niliokaa kitandani nikihesabu pumzi zake
nisijue nahesabu hadi ngapi.

"Andika mengineyo," anasema Orvo.
Hakuna mengineyo. Nimetafuta.

Anaivuta fomu yake, anaisogeza karibu na taa.
"Tazama, Raili. Gharama za matibabu: sifuri.
Mimi mzima. Mgonjwa ni wewe."
Anacheka mpaka kikohozi kinamkamata,
nami nangoja kipite, mkono mgongoni pake.

Kisha naichukua kalamu
naikoleza ile sifuri, mara ya pili, ya tatu,
kana kwamba na daktari ataisoma.