Jaribio la Tano

Mwalimu Mghanga ametuandikia ubaoni kwa chaki ya samawati:
saa ya kengele ilie,
mkono utoke shukani uizime,
msichana ajitazame kiooni asijipende,
kisha ukumbi wa shule, wababe, mgeni mlangoni.
"Mtazamaji," asema, "akishavua viatu mwonyeshe pa kukaa.
Dakika mbili tu, ajue
amekuja kwenye hadithi ya vijana na machungu yao."

Sisi tuna simu moja, ya Twalib,
yenye ufa unaopita juu ya kila uso.
Tumeifunga kwa raba kwenye mpini wa fagio.
Tuna sinia la pilau la kina Tausi, la kurudisha jua,
tuna ruhusa ya nusu saa
na darasa la Kidato cha Pili Mashariki,
ambalo leo ni chumba cha kulala.

Nyevu alala juu ya madawati matatu,
leso ya mamake yamfunika hadi kidevuni,
na maandishi yake yasomeka vizuri:
Usiniamshe kama huna jambo.

Saa ya kengele hatuna.
Kisauni nani ana saa ya kengele?
Mimi huamshwa na ndoo.
Maji ya mfereji huja saa kumi alfajiri
na asiyewahi foleni huoga kwa mate.
"Hiyo haimo ubaoni," asema Twalib.
Basi Charo akajikunja chini ya dawati akalia trrrr kwa mdomo,
Nyevu akanyoosha mkono
akamzima kwa kofi la utosini.
Tukacheka. Tukafuta.

Jaribio la pili, kioo:
cha pikipiki, kimebanwa dirishani kwa daftari mbili.
"Jitazame, uchukie unachokiona."
Nyevu akajitazama.
Akageuza shavu la kulia, la kushoto,
akalainisha nyusi kwa kidole chenye mate,
nami na fagio langu, kwapa zanitiririka.
"Sioni kasoro," akasema. "Nifanyeje?"
"Jifanye."
"Pua hii ni ya nyanyangu wa Rabai.
Nikiichukia, wallahi atanijia ndotoni na mwiko."

Jaribio la tatu, wababe.
Simu haijui kupunguza kasi,
wakaambiwa watembee polepole wenyewe:
mguu juu, ngoja, mguu chini,
kama korongo matopeni,
Tausi mbele, mtandio wapepea
kwa sababu Charo yuwapunga atlasi.
Makabati ya chuma ya kubamiza hatuna.
Tausi akabamiza kifuniko cha dawati, kikambana kidole,
na bado hakulia; alikuwa nyoka, nyoka halii.
Tausi huyu aliyeamka usiku kutukandia mahamri
akamsukuma Nyevu kwa bega, kisha papo hapo:
"Nimekuumiza?"
Tukafuta.

La nne lilikuwa maneno tu.
Jina langu ni Nyevu, na huu ndio mwaka uliobadilisha kila kitu.
Alilisema kama anayesoma bei ya sukari.
"Kwani kimebadilika nini?" akatuuliza,
na Twalib akapekua karatasi zake,
mbele, nyuma, mbele.
Hazikuwa na jibu.

Zimebaki dakika nne.
"Haya," akasema Twalib, akaketi sakafuni, "anza utakapo."

Nyevu hakurudi kitandani.
Alikwenda kwenye kile kioo cha pikipiki,
kwa hiyo orodha ya Mwalimu haikupotea yote,
akajitazama bila kujipenda wala kujichukia,
kama mtu anayetazama kama mvua imekatika.
Nikasogea. Ufa wa simu ukapita juu ya mdomo wake.

"Babangu alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa," akasema,
"baada ya swala, kabla sijala.
Mwaka huu…"

Na kule nje kiranja akaigonga ringi ya lori,
mara saba, na nusu,
kwa vile la mwisho huwa halimpati vizuri.
Nyevu akangoja iishe.
Hakuendelea. Mimi sikuzima.

Tausi ameshusha sinia, jua limeanguka miguuni pake.
Na chini ya dawati Charo,
ambaye kazi yake yote siku hiyo ilikuwa kulia,
alisahau.